Marechera: uanze na House of Hunger, Black Sunlight au Mindblast?

Hili swali nimeulizwa mara nyingi mno, sasa nimeamua kulijibu kwa urefu mara moja. Mtu anasikia stori za Dambudzo Marechera, yule Mzimbabwe aliyefukuzwa Oxford, aliyepewa tuzo akaanza kurusha vikombe na visahani palepale ukumbini, aliyekuwa analala kwenye mabenchi ya Harare na taipureta yake, halafu anakuja mbio, nipe kitabu chake. Kipi? Chochote tu. Sasa shida inaanzia hapo, maana vitabu vitatu alivyotoa akiwa hai havifanani hata kidogo, na ukianza na kisichokufaa utakiacha ukurasa wa ishirini na hutarudi tena. Mimi nilianza na Black Sunlight, niliazima kwa rafiki nikiwa chuo, nikashindwa, nikamrudishia, na ikapita miaka kama minne ndipo nikamrudia huyu mwandishi. Miaka minne naihesabu ni hasara kabisa, kwa sababu kitabu cha kunishika kilikuwepo muda wote, ila sikuwa na mtu wa kuniambia anza na hiki.

Kwa asiyemjua kabisa: alizaliwa 1952 Rusape, Rhodesia ya Kusini wakati huo, kwenye lokesheni ya Vengere, yaani mtaa waliotengewa Waafrika, mama yake alikuwa mtumishi wa ndani na baba alifanya kazi chumba cha maiti. Vitabu vyake vya mwanzo aliviokota jalalani, jalala la mtaa wa wazungu, huko ndiko alikopata ensaiklopidia ya watoto ya Arthur Mee. Mimi hiyo picha huwa haiondoki kichwani, mtoto anachakura taka anatafuta karatasi zenye maandishi. Akasoma St Augustine's, misheni ya Penhalonga, akaenda Chuo Kikuu cha Rhodesia, akafukuzwa 1973 baada ya maandamano ya wanafunzi weusi, akapata skolashipu New College, Oxford, 1974, na huko nako akatolewa 1976. Walimtuhumu kutaka kuchoma jengo la chuo, wakampa achague, akatibiwe akili au aondoke, akaondoka.

Sasa mimi hivi vitabu vitatu huwa navipanga kwa anwani, yaani mahali alipokuwa analala wakati anaviandika. House of Hunger (1978) ni cha hema, mwenyewe alikuwa anasimulia kwamba alikiandikia kwenye hema pembeni ya mto pale Oxford baada ya kufukuzwa. Black Sunlight (1980) ni cha London, enzi za kuishi kwenye majumba matupu yaliyovamiwa na vijana wasio na hela ya kodi, wasanii, wapinga serikali, mahipi waliobakia, Tolmers Square ikiwa mojawapo. Mindblast (1984) ni cha benchi, Harare, ndani ya nchi iliyokwishapata uhuru. Ukishika hizo anwani tatu umeshaelewa nusu ya tofauti.

Twende kimoja kimoja, na niseme mapema House of Hunger nitakisema zaidi ya vingine kwa sababu kinastahili.

House of Hunger ni kitabu cha kama kurasa 150, hadithi ndefu moja yenye jina hilohilo halafu hadithi fupi kadhaa nyuma yake. Kinaanza na kijana anachukua vitu vyake anaondoka nyumbani. Basi. Hakuna utangulizi wa kijiji wala mandhari ya jua kuchomoza. Nyuma yake ameacha kaka yake Peter anayempiga mkewe, Immaculate, na nyumba ambayo kila mtu ndani yake ana njaa, na hiyo njaa si ya ugali peke yake, ni ya roho, ni ya nchi nzima. Anaenda kukaa baa, anakutana na Harry, na kuanzia hapo kumbukumbu zinamwagika bila mpangilio, shule, mapenzi, ngumi, baba, tena baa, tena utotoni. Hakuna sura. Kwenye aya moja yuko darasani, aya inayofuata damu inatoka, na lazima ujipe mwenyewe kazi ya kujua tuko mwaka gani.

Ila, na hii ndiyo ila kubwa, hata ukipotea unajua uko wapi. Uko lokesheni. Watu wanaongea, wanapigana, wanakunywa, wana majina, wana harufu. Unapotea ndani ya nyumba unayoijua, tofauti kabisa na kupotea porini. Kwa hiyo msomaji anayekuja kutoka kwenye riwaya za kawaida anavumilia.

Kuna tukio moja pale ambalo huwa namsomea kila mtu anayesitasita. Mtoto, miaka tisa hivi, anakimbia kutoka shule ana habari ya kumpa mama yake, anaingia ndani anaimwaga yote kwa pupa, na hajui kwamba ameongea kwa Kiingereza. Mama anampiga kofi. Unathubutuje kuniongelesha Kiingereza. Sisi huku tunalijua hilo jeraha kwa upande wake wa pili, Kenya watu wazima wengi tu wanakumbuka kuvishwa kibao shingoni kwa sababu waliongea lugha ya mama shuleni. Yule mtoto wa Rusape amepigwa upande ule mwingine, nyumbani, na mtu ambaye kwake Kiingereza kilikuwa lugha ya wanaomtuma kufua nguo zao. Marechera hakueleza somo lolote hapo, ameliacha kofi lilie lenyewe halafu akaendelea. Na ukumbuke aliyeandika alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, ndani ya hadithi ulimi unakwama, lugha mbili zinagombana kichwani mwa mtu mmoja, kuna vivuli vya watu wanne wanamfuata shuleni ambao yeye tu ndiye anawaona. Mwenyewe alishawahi kusema kwamba Kiingereza kwa mwandishi mweusi ni lugha ya kibaguzi, lazima upigane nayo kwa mapanga hadi ikubali kusema unachotaka wewe. Na neno alilotumia ndani ya Kiingereza chake ni hilohilo letu, panga.

Hadithi fupi za nyuma nazo msiziruke. Kuna moja inaitwa "Black Skin What Mask", mwanafunzi mweusi Uingereza anayejisugua ngozi, anajisugua, anajisugua, anataka akubalike. Kurasa chache tu. Kama umewahi kuishi ughaibuni, iwe Ulaya au Marekani, ile hadithi utaisoma umeshika kifua.

Hiki ndicho kilichompa Guardian Fiction Prize 1979, tuzo ya gazeti la Guardian la Uingereza, aligawana na Neil Jordan wa Ireland, yule aliyekuja kuwa mtengenezaji wa filamu, na Marechera akawa Mwafrika wa kwanza kuipata. Ndiyo siku ya vikombe na visahani. Watu wanaisimulia kama kituko lakini mimi ninavyoiona, mtu hana pa kulala, ndani ya ukumbi kuna watu wanampongeza kwa kitabu kuhusu njaa huku wameshika glasi za mvinyo. Sisemi alifanya vizuri. Nasema soma kitabu halafu uliangalie lile tukio upya.

Black Sunlight sasa. Kurasa mia na kidogo, kifupi kuliko kile cha kwanza, na watu wengi wanadanganyika hapo, wanaona kifupi basi chepesi. Hapana jamani. Hiki kinakula muda mara mbili. Anayesimulia ni mpiga picha wa habari, tunamkuta ananing'inia kichwa chini miguu juu kwenye himaya ya chifu mmoja, na kutoka hapo tunaingia kwenye mambo ya kikundi cha wapindua dola wanaolipua mabomu, makao yao yanaitwa Devil's End. Hiyo nikikusimulia unaona kama riwaya ya kijasusi, lakini stori inayeyuka mikononi mwako. Mpiga picha anakutana na watu wanaofanana naye, hujui nani ni nani, wakati mwingine hujui kama yanatokea au ni ndoto au dawa za kulevya zinaongea, kuna sehemu sentensi inakwenda ukurasa mzima ikibeba majina ya waandishi wa Ulaya, miungu ya Wagiriki, ngono, vichekesho, mauti, vyote ndani ya pumzi moja. Wahusika wanabishana kuhusu vurugu, kama kubomoa ni kuzuri kwenyewe au lazima kuwe na cha kujenga, na kitabu hakikupi jibu.

Nchi gani? Haisemi. Upande gani una haki? Hausemwi. Na angalia mwaka kilipotoka, 1980, Aprili ile Zimbabwe inapata uhuru, bendera mpya inapandishwa, kila mtu anataka kitabu cha kuwasifia wapiganaji. Sisi Tanzania tulikuwa tumewalea hao wapiganaji kwenye kambi zetu, Mgagao, Nachingwea, wazazi wetu walichangia, kwa hiyo naelewa kabisa furaha ya mwaka ule. Halafu katikati ya furaha hiyo huyu mtu anatoa kitabu kinachoonyesha kwamba yeye hamwamini mtu yeyote mwenye dola, mweusi au mweupe. Nchini kwake Bodi ya Udhibiti ikakipiga marufuku 1981, kwa madai ya uchafu na kukufuru, na ni baada ya wasomi na waandishi kupinga ndipo kikaachiwa. Alikuwa anarudia kusema kwamba yeye si mwandishi wa taifa fulani wala wa rangi fulani. Kwenye House of Hunger bado unaweza kumlazimisha awe "mwandishi wa Rhodesia" ukitaka. Kwenye Black Sunlight haiwezekani, amekata kamba zote.

Nani kinamfaa? Hapa nina kipimo changu na kwa msomaji wa Kiswahili kinafanya kazi kuliko maelezo yote. Umesoma Kezilahabi? Sasa jiulize ni Kezilahabi yupi aliyekugusa. Kama ni wa Kichwamaji (1974), Kazimoto, kijana msomi anayerudi nyumbani na kila kitu kinaoza mikononi mwake, familia, mapenzi, imani, basi nenda House of Hunger bila kuuliza, utamkuta ndugu yake Kazimoto amehamia lokesheni na amekunywa zaidi. Na kama ni wa Nagona (1990), unayeweza kukaa na mtu anayeitwa "Mimi" kwenye mji wenye ukimya, wanafalsafa waliokufa zamani wanaongea, hujui uko wapi na unafurahia kutojua, basi wewe una kifua cha Black Sunlight na huna haja ya kuanzia kwingine.

Tofauti iko kwenye joto. Nagona imetulia, inakualika utafakari, ina ngoma na ukimya wake, mwandishi anajua anakupeleka wapi hata kama wewe hujui. Black Sunlight inapiga kelele. Ina hasira na ina matusi, na kuna kurasa nadhani zimemshinda mwenyewe, zimekuwa orodha tu ya aliyoyasoma. Nasema hivyo kama mtu ninayekipenda. Kwenye hicho kitabu kuna aya tano sita ambazo ni kati ya vitu vikali kabisa nilivyowahi kusoma vya Mwafrika yeyote, na kati yake kuna matope, na lazima uvuke matope. Kama huna subira ya hivyo kwa sasa, hakuna ubaya, kisome mwakani.

Na huo upotevu wa mpangilio si uvivu wala pombe, kama wengine wanavyopenda kusema. Alisoma Joyce, Beckett, Warusi, na muda mfupi kabla ya kufa alitoa mhadhara kuhusu mwandishi wa Kiafrika na fasihi ya Ulaya, anaeleza vizuri kabisa ile mila ya zamani ya maandishi ya kejeli yanayochanganya falsafa na uchafu, soko na ikulu, wafu na wazima, na anajiweka mwenyewe ndani yake. Alijua anachofanya. Ukisoma Black Sunlight ukijua hilo, mbinu zake unaziona kwa macho mengine.

Mindblast ni kitu kingine kabisa, na ni kitabu ninachokionea uchungu kwa sababu hakisomwi. Alirudi Zimbabwe mapema 1982, kulikuwa na filamu ya televisheni ya Uingereza inatengenezwa kutokana na House of Hunger, akagombana na mtengenezaji, filamu ikaenda zake yeye akabaki. Hakurudi tena Ulaya. Nyumba hana, kazi ya kudumu hana, analala mabenchini, milangoni pa maduka, mchana anataipu. College Press ya Harare wakatoa Mindblast 1984.

Ndani kuna maigizo, kuna hadithi za ajabuajabu, kuna mashairi, na mwishoni kuna shajara, kumbukumbu za siku zake za kuishi barabarani. Maigizo yanahusu wakubwa wapya na wafanyabiashara wazungu wa zamani wanavyokula pamoja, nani kapewa tenda, nani kahongwa, nani analala na mke wa nani ili dili lipite. Miaka minne tu baada ya uhuru! Msomaji wa Nairobi au Dar au Kampala hahitaji maelezo ya chini ya ukurasa hapo, anacheka halafu anakoma kucheka. Lugha yake ni nyepesi kuliko vile viwili, inataka kusomeka na mtu wa mtaani, na vijana wa Harare wakati ule walimpenda kwa sababu hiyo, aliongea kuhusu kukosa kazi, kukosa chumba, polisi, na wazazi waliopigania nchi halafu wakawageuka watoto wao.

Lakini kitu chenyewe ni ile shajara. Kama wewe unaandika, au unataka kuandika, na hela haipo, na kila mtu anakuuliza utafanya kazi lini, soma hiyo shajara kabla ya kitu kingine chochote chake. Hakuna sifa ndani yake. Hakupambi umaskini. Anaeleza baridi, anaeleza njaa ya kawaida hii ya tumbo, watu wanaokuja kumnunulia bia wamsikilize halafu wanaenda kwao kulala, anaeleza namna anavyoilinda taipureta. Mimi nilivyoisoma nilikuwa nimeachishwa kazi miezi mitatu, naishi kwa dada yangu, na sijui nieleze vipi, sikujiona shujaa ila niliona kwamba hali ile inaweza kuandikwa kama ilivyo bila kulialia.

Ubaya wa Mindblast ni kwamba hakilingani. Igizo hili kali, shairi lile limelala, hadithi ile unaiacha katikati. Ukikipima kama kitabu kizima kinashindwa na House of Hunger mbali sana. Na kukipata ni kazi, kilitoka Harare na hakijasambaa kama vile viwili vilivyotoka kwenye mfululizo wa African Writers Series, mimi nilikisoma maktaba ya chuo kikuu kimoja na siruhusiwi kutoka nacho. House of Hunger kimechapwa tena na tena, hicho ukitafuta utakipata, hata vya mtumba vipo. Black Sunlight kiko katikati, kinapatikana kwa kutafuta.

Watu huwa wananiuliza pia Kiingereza chake kikoje, kwa sababu ukweli ni kwamba wengi wetu tunasoma riwaya ya Kiingereza kwa kujikaza. Mindblast rahisi zaidi, hasa maigizo na shajara. House of Hunger ya wastani ila ina maneno magumu yanayokuja ghafla, ushauri wangu usisimame kwenye kila neno, acha sentensi ikubebe, maana mara nyingi maana inaletwa na mdundo na picha, kamusi fungua ukimaliza. Black Sunlight ngumu, na kamusi haisaidii sana kwa sababu ugumu wenyewe hauko kwenye maneno.

Na matusi? Yapo kwenye vyote vitatu. Ngono ipo, kupigwa wanawake kupo, na hapa niseme kitu ambacho wapenzi wake hawapendi kukisema. Wanawake kwenye House of Hunger wanapigwa sana, na msimulizi anaona, na mara nyingine hana mkono safi. Kuna wasomaji wa kike wameniambia hawawezi kuendelea, na nawaelewa, siwezi kuwaambia vumilieni kwa ajili ya fasihi. Immaculate ni mhusika aliyeandikwa kwa upendo kuliko mtu yeyote mle ndani lakini maumivu yake yanasomwa kupitia macho ya mwanaume. Kama hilo ni zito kwako sasa hivi, anza na shajara ya Mindblast, au soma zile hadithi fupi za nyuma ya House of Hunger peke yake. Kwa mwanafunzi wa sekondari nisingempa chochote cha Marechera bila mtu mzima wa kukaa naye kuzungumza.

Vipo na vya baada ya kifo. Alifariki Agosti 18, 1987, Harare, ana miaka 35, mapafu, ni yale magonjwa ya UKIMWI kipindi ambacho watu hata hawakulitaja kwa jina. Miswada aliyoacha ilihangaikiwa na Flora Veit-Wild, Mjerumani msomi wa fasihi, ndiye aliyefanya The Black Insider itoke 1990, mashairi ya Cemetery of Mind 1992 na Scrapiron Blues 1994. The Black Insider aliiandika kabla ya Black Sunlight, wachapishaji wake London wakaikataa, ni watu wamejificha kwenye jengo la kitivo cha sanaa nje kuna vita na wao wanabishana, uhamisho, rangi, lugha, Afrika ni nini. Kama unapenda malumbano kuliko matukio inaweza kukufaa kuliko Black Sunlight, nayo si ngumu kiasi kile. Cemetery of Mind niko nayo kitandani muda wote ila si ya kuanzia.

Kuna na kitabu cha Veit-Wild mwenyewe, They Called You Dambudzo, kilitoka miaka mingi baadaye, humo anaeleza kwamba alikuwa na uhusiano wa kimapenzi naye, jambo ambalo kwa miaka mingi hakuliweka wazi wakati anahariri kazi zake. Kizuri, kina maumivu, lakini nakuomba usianze nacho. Nimeona watu wanaomjua Marechera kwa maisha tu. Wanaweza kukutajia hema, vikombe, benchi, jela ya Cardiff, siku aliyotua Berlin 1979 bila hati za kusafiria, na hawajamaliza hadithi yake hata moja. Inaniuma kwa sababu yule mtu aliteseka ili aandike, Dambudzo lenyewe kwa Kishona lina maana ya taabu, na kinachobaki kwetu kiwe vituko vyake tu? Soma kwanza kitabu, maisha yatakuja yenyewe maana mengi ameyaweka mle.

Kwa hiyo ukinibana nichague, kwa watu wanane kati ya kumi ninaowajua ni House of Hunger, na usianze na hadithi ndefu kama una wasiwasi, fungua nyuma soma "Black Skin What Mask" kwanza, ni jioni moja tu, ikikushika rudi mwanzo. Wa tisa, yule wa Nagona, Black Sunlight, kisomwe mfululizo kwa siku mbili tatu na si ukurasa mmoja kila usiku kabla ya kulala, nilikosea hapo mimi, ukikikata vipande kinakufa. Wa kumi ni yule anayeandika na hana hela. Huyo aende maktaba yoyote yenye Mindblast, afungue mwisho wa kitabu, aanzie kwenye shajara, na abebe daftari lake.